Shemeji kaja Tabora kutafuta sanamu

Shemeji yangu ni Mzaramo wa Kisarawe. Anayejua utani wa makabila ya nchi hii ameshaelewa: Mnyamwezi na Mzaramo hawakai dakika tano bila kurushiana maneno, na ruhusa hiyo hatukupewa jana. Babu zetu walipokuwa wakishusha pembe za ndovu pwani, njia ilipita Uzaramo, na wakubwa wa Kizaramo wakiwasimamisha na kudai hongo, yaani ushuru wa njia, kabla hawajaruhusiwa kuendelea. Kaka yangu ndiye aliyemuoa, lakini wa kutaniwa ni mimi.

Safari hii alikuja kwa ajili ya harusi ya binti wa shangazi, yeye na mwanawe wa kidato cha pili. Njiani walilala Dodoma kwa ndugu zao. Nawapokea stesheni, mabegi bado yako chini, tayari ananionyesha picha kwenye simu: yeye mbele ya sanamu ya Mwalimu pale Nyerere Square, yeye na mtoto, mtoto peke yake amekunja uso kwa jua. Tulipofika nyumbani, chai haijapoa, akauliza.

"Haya shemeji, na huku kwenu tutapigia wapi? Sanamu yenu iko wapi?"

"Sanamu ya nani?"

"Ya yeyote! Mji mkubwa hivi, mkoa mzima, hamna hata mtu mmoja wa shaba?"

Mtu wa shaba aliyesimama juu ya jiwe, wa kumfanya msafiri ashuke kwenye treni kwa ajili yake, kwa kweli sikuwa naye wa kumwonyesha. Lakini Mzaramo humwachii neno la mwisho. Nikamwambia hapo alipoketi ni kwenye mji uliowahi kuwa makao makuu ya nchi nzima. Akacheka mpaka chai ikamwagikia kwenye sosa. "Makao makuu ya nani, ya nyuki?"

Basi kesho yake nikaazima siku kwa bosi wangu. Nafanya kazi kwenye duka la kutoa kopi na kuchapa karatasi, na msimu wa mitihani ulikuwa bado, kwa hiyo aliniachia. Tukaanzia stesheni.

Stesheni ya Tabora watu wengi huipita bila kuitazama. Wanawaza tiketi, wanawaza mizigo, wanawaza kama treni ya Mpanda itaunganishwa kwa wakati. Ukisimama ng'ambo ya barabara ukalitazama jengo lenyewe, paa lake la mgongo mkali na ukuta mzito, unaona limejengwa na watu waliodhani watakaa milele. Reli ya kati ya Wajerumani ilifika hapa 1912, ikamaliza Kigoma 1914. Mwaka huohuo vita vikaanza. Makao makuu yalikuwa Dar es Salaam, mji wa bandari, na bandari ni mahali pabaya pa kuweka serikali kama adui yako ana manowari. Gavana Schnee akahamishia serikali yake bara, kwanza Morogoro, kisha Waingereza walipozidi kusogea, huku kwetu. Kwa miezi michache ya 1916 amri za koloni zima, kuanzia Ziwa Tanganyika hadi baharini, zilikuwa zikisainiwa Tabora.

"Sasa ushahidi uko wapi?" shemeji akauliza. Yeye ni karani wa mahakama, ushahidi ndiyo kazi yake.

Nikamwelekeza upande wa karakana za reli. Marehemu baba alikuwa fundi huko, enzi hizo hatukuruhusiwa hata kuchungulia getini, ila yeye alikuwa akituhadithia jambo hili jioni, na mimi nilidhani ni chumvi za wazee mpaka nilipokuja kulisoma mwenyewe. Koloni lilikuwa limefungiwa bahari na sarafu zikawa zimekauka. Kwa hiyo mwaka 1916 Wajerumani wakaigeuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha kupiga fedha. Za thamani ndogo, za heller 5 na 20, walizipiga kwa shaba na shaba nyeupe waliyoipata popote, hata maganda ya risasi. Na wakapiga sarafu moja ya dhahabu, ya rupia 15, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke kule Iramba.

Sarafu hiyo nimewahi kuiona kwenye picha tu, maana leo inauzwa kwenye minada ya Ulaya kwa bei ya kiwanja. Upande mmoja kuna tai wa Kaiser, mfalme wa Wajerumani. Upande wa pili kuna tembo. Si tembo aliyetulia wa kwenye kanga. Huyu ameinua mkonga juu, mdomo wazi, pembe zimetoka mbele, na nyuma yake kuna mlima. Chini kabisa, ukitazama vizuri, kuna herufi moja: T. Ndiyo Tabora hiyo. Zilipigwa 16,198, hazikuongezwa tena, kwa sababu tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo likaingia mjini na umakao makuu wetu ukaishia hapo.

Yule kijana, ambaye tangu asubuhi alikuwa na vidude masikioni, akavitoa. Akatafuta picha ya sarafu kwenye simu, akaikuza kwa vidole, akamwonyesha mama yake ile T. Shemeji akaitazama kwa muda. "Haya, nimeipokea kama kielelezo," akasema. "Lakini sanamu bado."

Boma la Wajerumani tulilipita tukalitazama kwa nje tu. Kuta zake zinajieleza, na kwa majengo ya namna hiyo ni vizuri kuuliza kabla ya kuinua simu. Sikutaka mgeni wangu amalizie ziara kwa maelezo ya maandishi. Ila hapo kwenye kivuli cha miembe ndipo nilipomweleza kisa kinachonichekesha na kuniudhi kwa pamoja.

Sanamu ya Tabora ipo. Iko Brussels.

Jenerali aliyeuteka mji huu aliitwa Charles Tombeur. Baadaye huko kwao akapewa ubaroni, na cheo chake kikabeba jina letu: Baron Tombeur wa Tabora. Akajengewa mnara wa kumbukumbu katika kitongoji cha Saint-Gilles, na katikati ya mji huo mkuu, hatua chache kutoka jengo la soko la hisa, kuna mtaa unaoitwa Rue de Tabora. Kwa hiyo kuna Mbelgiji anayeamka asubuhi akanunua mkate Tabora, na hajui kama huku kuna mitaa ya Isevya wala Ng'ambo.

"Kwa hiyo mlishindwa vita, mkapewa sanamu mahali msipoweza kwenda bila viza," shemeji akasema. Kwa Mzaramo hiyo ilikuwa pole.

Kutoka hapo tukaenda Kwihara, kwenye nyumba aliyokaa Livingstone, kilomita chache kusini mwa mji. Bajaji wanakwenda, ila mpatane bei ya kwenda na kurudi na akusubiri, maana huko hakuna bajaji wa kupita, na ukiachwa utarudi kwa miguu kama mtu wa karne ya kumi na tisa. Barabara ni ya vumbi jekundu. Ukifika unaliona tembe: nyumba ndefu ya paa la bapa, rangi ya maruni, na mlango wa kuchonga wa Kiunguja ambao kwa kweli ndio kitu kizuri kuliko vyote pale. Nilimwambia kijana apige picha mlango kwanza. Angalia jinsi nguzo ya katikati ilivyojazwa maua na minyororo. Hiyo kazi ilifanywa kwa patasi na mtu aliyekuwa na muda.

Ndani hakuna vitu vingi, nisikudanganye. Picha za zamani, nakala za barua, ramani. Anayetarajia makumbusho kama ya Dar, yenye fuvu la Zinjanthropus na magari ya marais, atatoka kwa dakika kumi. Lakini nyumba yenyewe ndiyo habari. Livingstone na Stanley, baada ya kukutana Ujiji 1871, walikuja huku Kwihara mwanzoni mwa 1872. Stanley akaondoka Machi kurudi pwani. Livingstone akabaki, miezi mitano na ushei, hadi Agosti. Anangoja nini? Anangoja wapagazi. Mzungu maarufu kuliko wote duniani wakati huo, ambaye Ulaya nzima ilikuwa inamuulizia, alikuwa amekaa barazani Unyanyembe kwa sababu hana wa kumbebea mizigo. Stanley alipofika pwani akakusanya watu, akawatuma, ndipo mzee akaweza kunyanyuka.

Mtunzaji wa pale, kijana mpole anayesalimia kila mtu "mwangaluka" hata kama jua limeshapita utosini, alitupeleka kivulini nyuma ya nyumba. Hapo ndipo nilipowasimulia sehemu ambayo vitabu vya shule huipita mbio. Livingstone alifariki Mei 1873 kwenye kijiji cha Chitambo, leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa gome la mti na kitambaa, wakaufunga kwenye mti mrefu ili watu wawili waubebe mabegani, mmoja mbele mmoja nyuma. Mzegazega. Wakatembea. Oktoba mwaka huo wakafika hapahapa Kwihara, wakamkuta Mwingereza mwingine, Luteni Cameron, aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone huyohuyo. Cameron akawashauri: mzikeni hapa, mbele njia ni mbaya. Wakakataa. Ilipojulikana kwamba kuna wenyeji njiani ambao hawataki maiti ipite kwao, wakaufungasha mwili upya ukafanana na robota la nguo, ukapita kama mzigo wa kawaida wa msafara. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Aprili akazikwa Westminster Abbey, London.

Shemeji alinyamaza. Huwa hanyamazi.

"Zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano," kijana akasema. Alikuwa ameshapima kwenye ramani ya simu. "Kwa miguu. Na maiti."

"Na waliobeba, sanamu yao iko wapi?" mama yake akauliza, na safari hii haukuwa utani.

Kijana akasema subiri. Akapekua picha zake za zamani, akapata za ziara ya shule, wamezunguka Dar: Kijiji cha Makumbusho, vinyago vya Mwenge, na Sanamu ya Askari pale Posta. Yule askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la huku Afrika, kila Mtanzania anamjua, kofia na bunduki yenye singe, ameinama mbele kana kwamba anaingia vitani kuelekea bandarini. Ilisimamishwa 1927. Kabla yake, enzi za Mjerumani, hapo alikuwa amesimama Wissmann, gavana, mtu wa kuvunja maasi. Waingereza walipouteka mji wakamng'oa, akaenda kuishia Hamburg, nako wanafunzi wakamwangusha 1968. Jiwe moja linaweza kukaliwa na watu tofauti kabisa.

Lakini kijana hakuwa anatuonyesha askari. Alikuwa amepiga picha kibao cha maandishi kilicho chini, chenye Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na watu wanaokisoma nadhani ni wachache mno, mimi mwenyewe nimeshapita hapo mara nyingi nikikimbilia daladala. Maneno yake aliyatunga Kipling, mshairi wa Kiingereza. Yanasema ukumbusho ule ni wa askari Waafrika waliopigana, na pia wa wapagazi, ambao walikuwa miguu na mikono ya jeshi.

Miguu na mikono. Nikakaa chini kabisa pale kwenye mzizi wa mwembe.

Maana wapagazi ni sisi. Si Wanyamwezi peke yetu, vita vile viliwazoa watu wa kila kabila kwa maelfu, wengine kwa kamba, na wengi hawakurudi. Walikufa kwa kuhara, kwa njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Lakini kabla ya vita, kwa miaka mingi, ukisema mpagazi ulikuwa unasema Mnyamwezi. Makumi ya maelfu yao walikuwa wakishuka pwani na kupanda kila mwaka. Haikuwa kazi ya mtumwa, hilo naomba liandikwe, ingawa njia ilikuwa hiyohiyo moja ambayo watumwa walipitishwa na biashara ile ilikuwa na damu. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa na mkataba wake na posho yake. Asipolipwa alikuwa anatua mzigo na kugoma, na msafara mzima unakaa. Kijana aliyekuwa hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili. Alibeba kilo thelathini au zaidi, na mbele kabisa alitembea kirangozi, kiongozi wa msafara, na bendera na manyoya kichwani, anaimba, wa nyuma wanamwitikia.

Na kwenye jiwe la Posta amesimama askari. Mpagazi amepewa mstari wa maandishi. Nairobi, kwenye ukumbusho kama huo uliosimamishwa 1928, walau wamemsimamisha naye, yuko pembeni ya askari. Dar kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza ilikuwa pale ambapo leo ni Kariakoo. Wanaouza mitumba na chaja juu ya kumbukumbu yao hawana habari.

"Kwa hiyo," shemeji akasema akijipangusa vumbi, "sanamu mnayo Brussels, na nusu ya sanamu mnayo Posta. Twende tukale."

Tulikula sokoni: ugali wa muhogo na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga, na kijana akajaribu matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akasema ni kama pipi. Hapa nipite haraka, chakula cha Tabora nitakiandikia siku yake. Asali lakini lazima niitaje, maana mgeni akiondoka Tabora bila asali ni aibu ya mwenyeji. Asali yetu ni ya misitu ya miombo, nyingine bado inarinwa kwenye mizinga ya magome iliyotundikwa juu ya miti, na mara nyingi ina weusi na harufu ya moshi kwa mbali. Usidanganywe na asali nyeupe inayong'aa kwenye chupa ya juisi dirishani mwa treni. Onja kwanza, muuzaji wa kweli hakatai uonje. Shemeji alionja za wauzaji wanne, akarudi kwa wa kwanza, akapunguziwa. Mahakamani huko wanamwogopa nadhani.

Kazi za mikono ndizo zilizobaki. Ukienda Dar unapelekwa Mwenge, unakuta safu za mpingo uliochongwa na Wamakonde, na picha za Tingatinga za chui na ndege wenye madoa. Ni kazi nzuri, lakini duka la kwanza na la ishirini mara nyingi utadhani ni lilelile. Tabora hakuna mtaa wa vinyago. Kuna mafundi wa samani, wa vitanda vya mninga, na kati yao, ukiuliza, utaelekezwa mzee mmoja anayechonga vigoda, miiko, na mara mojamoja ngoma.

Tulimkuta chini ya mkaratusi, kigoda hakijakamilika kiko katikati ya nyayo zake. Anakishika kwa miguu. Mkono wa kulia una tezo, ndogo, mpini wake umeng'aa kwa jasho la miaka, na kila pigo linatoa kibanzi chembamba ambacho hakiruki, kinajikunja na kulala palepale. Miguu mitatu ya kigoda na kikalio vyote vinatoka kwenye gogo moja. Hakuna gundi, hakuna msumari. Gogo bichi la mninga likikatwa linatoa utomvu mwekundu wa damu, akamwonyesha kijana ganda lenye michirizi iliyokauka. Akasema anayeanza kuchonga hupiga kwa nguvu ya bega, na hapo ndipo gogo linapasuka. Pigo linatoka kwenye kiwiko.

Nikamwonyesha picha kwenye simu: kiti cha enzi cha Kinyamwezi, cha karne ya kumi na tisa, kiko kwenye jumba la makumbusho Berlin. Kikalio cha mviringo, miguu imepinda kwa madaha, egemeo refu, na mgongoni mwa egemeo amechongwa mtu mzima ametokeza kwenye ubao. Mzee akavaa miwani. Akaichukua simu akaiweka mbali, akaiweka karibu, akaigeuza pembeni kana kwamba ataona upande wa pili wa kiti.

"Hiki ni gogo moja," akasema. "Na huyu mtu hakubandikwa. Wameondoa ubao wote mpaka akabaki yeye." Halafu: "Kimefikaje huko?"

Hiyo ndiyo Tabora bwana. Kiti kiko Berlin, jenerali yuko Brussels, dhahabu iko kwenye minada. Vyote hivyo mtu alivibeba.

Shemeji ndiye aliyelianzisha. Alimuuliza mzee kama anaweza kuchonga mpagazi. Mzee hakuuliza bei kwanza wala hakuuliza wa nini. Aliuliza: "Amebeba nini?"

Hatukuwa na jibu. Mimi nikasema pembe. Akauliza pembe moja au mbili, maana pembe kubwa inakaa begani peke yake na kichwa kinalala upande mmoja, na shingo ya mtu huyo haiwi sawa na ya mtu aliyebeba robota la kitambaa cha merikani. Nikamwambia wapagazi wa zamani walikuwa wakifunga kengele ya ng'ombe kwenye ncha ya pembe, ilie njia nzima. Akafurahi, kengele inachongeka. Kijana akataka Susi na Chuma wakiwa na mzegazega, watu wawili na mti katikati. Mzee akasema huo ni ubao mrefu na ukipinda wakati wa kukauka, mmoja wao atakuwa anatembea juu ya mwenzake. Akaongeza kwamba Mnyamwezi anabeba begani. Tukitaka wa kubeba kichwani tukatafute mchongaji wa pwani. Hapo akamtazama shemeji.

"Na mke wake yuko wapi?" shemeji akauliza, bila kutingishika.

Ni kweli. Misafara ya Wanyamwezi ilikuwa na wanawake, wake za wapagazi, wamebeba vyungu na chakula na mtoto mgongoni, na jioni wakati wanaume wamenyoosha miguu wao ndio wanawasha moto. Hilo halimo hata kwenye kibao cha Posta. Mzee akafikiri, akasema wawili ni bei nyingine, na gogo la unene huo lazima liwe na kibali cha maliasili, yeye hataki kesi. Tena sanamu ya mbao haisimamishwi barabarani. Mninga unavumilia mchwa, lakini jua na mvua vitaupasua. Wa barabarani awe wa saruji au shaba, na hiyo siyo kazi yake. Yeye atachonga wa kufika goti, wa kuwekwa ndani. Tukapatana. Nilitoa kianzio, shemeji akaongezea, na sehemu yake alidai niiandike kwenye karatasi na kuisaini.

Sasa amesharudi kwao, harusi imepita, na kundi la familia la WhatsApp limewaka. Kaka anasema mpagazi akikamilika akae sebuleni kwake Dar, kwa kuwa mkewe ndiye aliyetoa wazo. Shangazi anasema apelekwe Kwihara wakamwombee nafasi ndani ya tembe, karibu na barua za Livingstone. Mimi naona aanzie dukani kwetu, kwenye kaunta, mahali ambapo wanafunzi wa Tabora Boys wanakuja kutoa kopi. Ile ni shule ya Mwalimu, wataelewa. Nimeandika hivyo, na nikaongeza kwamba hata wakishinda wao, kumsafirisha ni juu yao.

Shemeji akajibu kwa sauti, sekunde tisa. Anasema mpagazi yeyote anayeshuka pwani anapita Uzaramo, na yeye yupo getini, na hongo imepanda.